Kurudi kwenye pikipiki na njia mbovu baada ya kuumia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa anayeendesha pikipiki mahali ambapo lami imeishia: bodaboda wa Lushoto na Makete, afisa ugani anayezunguka vijijini, mhudumu wa afya anayepeleka chanjo, mfanyabiashara anayefuata minada, na hata yule anayepanda milima kwa kupenda tu. Ushauri mwingi wa kurudi barabarani baada ya kuvunjika unamhusu dereva wa gari anayepita kwenye lami. Njia ya mawe, mchanga na matope inadai mengine. Daktari aliyekutibu ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mfupa wako. Hapa utapata mambo ya kumuuliza, na namna ya kujipima kabla hujapiga kiki.

Daktari ameangalia eksirei, amesema mfupa umeunga. Si naweza kuendesha sasa?

Bado. Eksirei inaonyesha mfupa. Haionyeshi msuli uliosinyaa, goti lililokakamaa, wala ule woga wa kuuwekea mguu uzito ambao mwili umejifunza kwa miezi bila wewe kujua.

Kwenye lami unaweza kwenda kilomita nyingi na mguu usiguse chini mpaka utakapoamua kusimama. Kwenye njia mbovu mguu unashuka bila mpango. Chukua kilima cha mawe. Uko gia ya kwanza, tairi la nyuma linateleza, injini inazima. Pikipiki inasimama, halafu inaanza kurudi nyuma. Unabana breki ya mbele, lakini mlimani uzito wote umehamia nyuma, kwa hiyo tairi la mbele linaburuzika tu. Mguu wa kulia uko kwenye breki ya nyuma. Wa kushoto ndio unaotafuta ardhi, na ardhi yenyewe ni jiwe linalobingirika. Kwa sekunde hiyo mguu mmoja umebeba uzito wako, uzito wa pikipiki ya karibu kilo 120, na chochote ulichofunga nyuma.

Jiulize kama mguu wako unaiweza sekunde hiyo. Kuweza kutembea hadi dukani bila gongo ni hatua nzuri, lakini hakujibu swali hili. Na ndiyo maana majibu yote yanayofuata yanapima kazi ambayo kiungo kitafanya, kalenda inakuja baadaye.

Lakini kwa kawaida ni muda gani?

Kwa mtu mzima mwenye afya, mtulinga, yaani mfupa wa mbele unaounganisha kifua na bega, huunga kwa wiki 6 hadi 12. Mfupa wa mkono karibu na kiganja, wiki 6 hadi 8. Kifundo cha mguu, wiki 6 hadi 12. Mbavu karibu wiki 6. Muundi, yaani mfupa mkubwa wa ugokoni, na mfupa wa paja huchukua miezi 4 hadi 6, na huzidi hapo kama mfupa ulitokeza nje ya ngozi au ulipasuka vipande vingi. Kano kuu ya ndani ya goti ikifanyiwa upasuaji, wataalamu wengi hawamruhusu mtu kurudi kwenye michezo ya kujipinda kabla ya miezi 9, na pikipiki ya porini ni mchezo wa kujipinda: unakita mguu kwenye matope, pikipiki inageuka, goti linabaki limekwama.

Hiyo ni mifupa na kano peke yake. Misuli inadai muda wake. Chukua utepe wa fundi cherehani, upime mzunguko wa paja sentimita 15 juu ya kifuniko cha goti, mguu mzima na mguu mbovu. Tofauti ikiwa ya kuonekana wazi, bado una mazoezi ya kufanya hata kama eksirei inapendeza.

Nijipime vipi kama niko tayari? Niliumia mguu.

Jipime nyumbani, pikipiki ikiwa imezimwa, na mwenzako mwenye nguvu akiwa kando. Simama kwa mguu ulioumia peke yake kwa nusu dakika bila kushika ukuta. Ruka kwa mguu huohuo mara kumi mahali pamoja. Chuchumaa mpaka chini na kuinuka bila kujisaidia kwa mikono. Beba ndoo ya maji ya lita 20 ukitembea kwenye njia isiyo sawa, mteremko na mpando. Ukichechemea katika lolote kati ya hayo, simamia hapo, rudi kwenye mazoezi.

Kisha panda pikipiki ikiwa imesimama. Mwenzako ashike kutoka upande mwingine. Ilalie taratibu upande wa mguu ulioumia mpaka uhisi uzito umeingia mguuni, ishikilie hapo, irudishe wima. Rudia mpaka usiwe na wasiwasi. Halafu sukuma pikipiki kwa mikono kupanda kimwinuko kifupi, ukirudi nyuma uizuie kwa breki na miguu.

Kipimo cha mwisho, na kwangu mimi ndicho kizito kuliko vyote: panda pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati, simama juu ya vikanyagio kwa dakika tano, magoti yamekunjwa kidogo, matako hayagusi siti. Kwenye mawe na mashimo, miguu ndiyo shokapu ya pili. Asiyeweza kusimama dakika tano atakaa, na akikaa kila shimo litapanda moja kwa moja hadi kwenye mfupa uliounga juzi, na hadi mgongoni.

Je, kuna tofauti kati ya mguu wa kulia na wa kushoto?

Ipo, na kubwa. Wa kushoto hubadilisha gia: kidole gumba na kifundo hufanya kazi ndogondogo mara nyingi sana kwenye njia mbovu, ambako gia hubadilika kila mara. Kama pikipiki yako ina gia ya kukanyaga kwa kidole na kisigino, tumia kisigino badala ya kuinua mkono wa gia kwa kidole, kama kuinua ndiko kunakokuumiza.

Wa kulia ni wa breki ya nyuma, na kwa pikipiki nyingi za huku ndio unaopiga kiki. Tafiti zilizofanyiwa madereva wa magari waliofanyiwa upasuaji wa kifundo cha mguu wa kulia zilionyesha kwamba kasi yao ya kukanyaga breki ilirudi kawaida karibu wiki ya 9. Huo ni mguu unaobonyeza pedali ukiwa umekaa kwenye kiti. Kwa kilomita 60 kwa saa unapita karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo kuchelewa nusu sekunde ni zaidi ya mita nane. Mita nane ni upana wa barabara nzima ya kijijini, pamoja na mtoto anayeivuka.

Kiki nayo ina hatari yake: injini ikirudisha, kile chuma hugonga kifundo na ugoko kwa nguvu. Mwenye pikipiki ya kuwashia kwa kitufe ahakikishe betri iko hai kabla ya kurudi kazini. Mwenye ya kiki tu amwombe mtu amwashie kwa wiki za mwanzo, au aisukume kwenye mteremko aiwashe kwa gia.

Niliumia mkono. Kipimo changu ni kipi?

Breki ya mbele iko mkono wa kulia pamoja na mafuta, klachi iko kushoto. Bana klachi mara hamsini mfululizo na injini imezimwa. Mara ya hamsini iwe na nguvu ileile ya ile ya kwanza. Kamua taulo lililolowa maji mpaka likauke. Jisukume ukutani, ukiweza hamia kwenye meza, halafu sakafuni. Njia inayotikisa inapiga mikono kwa mtindo uleule wa kujisukuma sakafuni, ila inapiga bila kukupumzisha.

Kama vidole vinakufa ganzi baada ya dakika chache za kushika usukani, usijilazimishe. Mshipa wa fahamu unabanwa, na unatakiwa kuangaliwa.

Eksirei haikuonyesha chochote, lakini kifundo cha mkono bado kinauma. Niendelee tu?

Hapana, na swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu ni jeraha la waendesha pikipiki hasa na hupuuzwa kila siku.

Ukianguka mbele unanyoosha kiganja. Uzito wote unafikia kwenye kimfupa kidogo upande wa kidole gumba, kinachofanana na mtumbwi kwa umbo. Nyoosha kidole gumba juu, utaona kishimo kati ya kano mbili pale kwenye msingi wake. Bonyeza ndani ya kishimo hicho. Kikiuma kwa ncha, chukulia kwamba kimfupa kimevunjika mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ufa wake mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya siku ya kwanza, ndiyo maana madaktari hufunga mkono na kurudia picha baada ya siku 10 hadi 14. Rudi kwa picha hiyo ya pili hata kama maumivu yamepungua.

Damu nyingi huingia kwenye kimfupa hiki kutoka upande mmoja. Kikivunjika katikati, kipande cha upande wa pili kinaweza kukosa damu na kufa. Huunga kwa wiki 8 hadi 12, mara nyingine zaidi, na kisipounga kifundo huanza kulika taratibu ukiwa bado kijana.

Mbona Toby Price alishinda Dakar na mkono umevunjika?

Ni kweli. Mwaustralia huyo alivunja kimfupa hichohicho wiki chache kabla ya Dakar, zile mbio ndefu za jangwani, za 2019 kule Peru, akaendesha, akashinda, kisha akarudi hospitalini. Alikuwa na timu ya matibabu inayomhudumia kila jioni, helikopta za uokoaji juu ya kichwa chake, na mkataba wa kazi uliompa sababu ya kuharibu mkono. Bodaboda aliyekwama korongoni kati ya vijiji viwili hana hata kimoja.

Mfano unaonifaa zaidi ni wa Matthias Walkner wa Austria. Alivunjika paja kwenye Dakar ya Januari 2016. Mwaka mmoja baadaye, 2017, alimaliza wa pili. Mwaka 2018 akashinda. Paja lilipewa muda, na mtu akapata kwenye Dakar matokeo makubwa kuliko aliyokuwa nayo humo kabla ya kuumia.

Nimefungwa hogo, naona wenzangu kijiweni wanaendesha nalo. Kwa mwendo mfupi je?

Usiendeshe. Kifundo kilichofungwa hakikanyagi breki wala gia, hogo linateleza kwenye kikanyagio, na likilowa matope linalainika na kuacha mfupa wazi. Ukiwa na hogo na maumivu yakaongezeka badala ya kupungua, vidole vikavimba, vikawa vya baridi au vikafa ganzi, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Na vile vyuma vya nje, wengi tunaviita antena?

Hapo hata kubebwa nyuma ya bodaboda kwenye njia mbovu ni hatari. Vile vyuma vinapita ngozi na kuingia kwenye mfupa. Vumbi na matope yana njia ya wazi ya kuingia ndani, na maambukizi ya mfupa huchukua miezi kutibika, mara nyingine miaka. Panda gari, hata kama nauli inauma.

Nina msumari au bati ndani ya mfupa. Chuma si kinanilinda?

Chuma kinashikilia mfupa mahali pake wakati unaunga. Mfupa usipounga, chuma kinachoka kwa kukunjwa kidogokidogo maelfu ya mara, mwisho kinakatika. Wengi waliovunjika paja au muundi Tanzania wamewekewa msumari wa SIGN, kwenye taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili na hospitali nyingine kubwa. Ni msumari imara usio na tundu katikati, uliobuniwa ili daktari auweke bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji, na umewarudisha watu wengi kwenye miguu yao mapema.

Kutembea mapema na msumari ni jambo zuri, hata daktari atakuhimiza. Kuanguka nao ni jambo jingine. Anguko linaloweza kuvunja mfupa mzima linaweza kuupinda msumari ndani ya mfupa, na kuutoa msumari uliopinda ni upasuaji mgumu kuliko ule wa kwanza. Muulize daktari swali mahsusi: "Mfupa umeunga pande ngapi kati ya nne kwenye picha?" Kwa kawaida wanapenda kuona angalau pande tatu zimeshikana.

Vyuma vikitolewa naweza kuendesha siku hiyohiyo ya kutoa nyuzi?

Hapana. Skrubu zikitoka zinaacha mashimo, na mfupa wenye mashimo ni dhaifu kwa miezi kadhaa. Kaa mbali na mawe na kuruka mpaka daktari atakapokwambia yameziba. Vilevile si lazima vyuma vitolewe. Visipokusumbua, vingi hukaa maisha yote.

Nilivunjika mtulinga. Umeunga, ila begani bado kunavuta.

Mtulinga ndio mfupa unaoshikilia bega wakati usukani unakutikisa, na unavunjika tena kirahisi kwa anguko la bega. Kipimo: inua mikono yote miwili juu kabisa kwa kimo sawa, kisha ning'inia kidogo kwenye tawi au bomba ukiwa miguu bado inagusa chini. Kama una bati juu ya mtulinga, kamba ya begi la mgongoni itakusugua. Hamishia mzigo kwenye keria.

Niligonga kichwa na kupoteza fahamu kidogo. Sasa sijisikii vibaya sana.

Kama bado unaumwa kichwa, unasikia kizunguzungu, mwanga unakukera, unasahau vitu vidogo au usingizi umeharibika, usipande pikipiki. Subiri dalili ziishe zote, kisha rudi kwa hatua: kutembea, kazi nyepesi, mazoezi, pikipiki mwisho. Pigo la pili kabla ubongo haujapona linaweza kuleta madhara makubwa kuliko la kwanza, na njia mbovu inatikisa kichwa hata usipoanguka.

Kofia ngumu uliyoanguka nayo usiivae tena. Povu la ndani limeshabonyea mara moja kukuokoa, halibonyei mara ya pili, hata kama ganda la nje halina ufa.

Kutapika mara kwa mara, usingizi usio wa kawaida, au maumivu ya kichwa yanayozidi ni dharura, hata siku kadhaa baada ya ajali.

Vipi mgongo?

Kama pingili ya uti wa mgongo ilivunjika au kubonyea, usipite kwenye mashimo bila idhini ya daktari wa mifupa au wa mgongo. Ganzi kati ya mapaja, miguu kulegea, au kushindwa kuzuia mkojo ni dharura ya saa hiyohiyo.

Nikimeza dawa ya maumivu kabla ya kutoka, si nitaendesha vizuri?

Tramadol inaleta usingizi na kizunguzungu. Ukiimeza, siku hiyo usiendeshe. Diklofenaki na ibuprofeni hazilevyi, lakini zinanyamazisha taarifa unayoihitaji. Maumivu ya wiki za mwanzo ndiyo yanayokwambia umezidisha. Kama huwezi kuendesha bila kumeza kidonge kwanza, muda haujafika.

Siku ya kwanza niende wapi?

Nenda kwenye njia ya udongo mkavu iliyo tambarare, mchana, bila abiria, bila mzigo, na mtu anayejua ulikokwenda. Nusu saa inatosha. Usianze na mchanga wa mtoni, kwa sababu mchangani mguu unashushwa kila baada ya mita chache. Usianze na udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika. Unashika tairi, unajaa kwenye madigadi, pikipiki inalala, na kuiinua ni kazi ya watu wawili wazima.

Subiri asubuhi ya kesho yake. Kiungo kikiwa kama kilivyokuwa kabla ya safari, ongeza kidogo. Kikiwa kimevimba au kimekakamaa kuliko kawaida, pumzika siku mbili tatu, halafu rudia safari ileile bila kuongeza. Mwanzo bora ni kuongeza kitu kimoja kwa wakati: umbali, au ubovu wa njia, au mzigo. Watu wengi huumia tena kwa kuongeza vyote vitatu ndani ya wiki moja, kwa kuwa siku ya kwanza ilikwenda vizuri.

Pikipiki nayo niibadilishe chochote?

Ndiyo, na ni kazi ya nusu saa kwa fundi. Zungusha mkono wa gia juu au chini mpaka kifundo kisijikunje kupita uwezo wake wa sasa. Shusha shokapu za nyuma kama zinarekebishika, ili nyayo zote mbili ziguse chini na si vidole peke yake. Paka mafuta kebo ya klachi, mkono dhaifu utashukuru. Geuza mikono ya breki na klachi chini kidogo, ili ukiwa umesimama kiganja kiwe mstari mmoja na mkono.

Upepo wa tairi ukipunguzwa kidogo hulainisha mtikisiko. Kidogo tu: kwa tairi la tyubu, upepo ukiisha sana tyubu huzunguka ndani na kung'oa valvu yake, na utajikuta unasukuma pikipiki kwa mguu mbovu.

Nitainuaje pikipiki ikilala?

Zima injini, fungua stendi ya pembeni kama iko upande wa juu. Tia gia ili isibingirike. Igeuzie mgongo, chuchumaa mpaka matako yaegemee ukingo wa siti, shika usukani kwa mkono mmoja na keria kwa mwingine, mgongo umenyooka. Kisha rudi nyuma kwa hatua fupifupi ukisukuma kwa miguu. Usiinue kwa kuinama na kuvuta kwa mikono. Kama huwezi kuifanya hii uwanjani nyumbani, usiende peke yako mahali pasipopita watu.

Abiria lini?

Wa mwisho kabisa. Mzigo wa gunia hautikisiki sana, abiria anaegemea, anashtuka, anakushika bega lililovunjika. Pia hana habari kwamba mguu wako una wiki kumi tu tangu ushonwe. Naona ni haki yake kupata dereva anayeweza kuishikilia pikipiki inapoteleza. Subiri mpaka uwe umepita njia hiyohiyo, na mzigo, kwa wiki kadhaa bila uvimbe.

Maumivu gani ni ya kawaida?

Uchovu wa msuli unaoenea na kuisha kwa siku moja au mbili ni kawaida. Uvimbe mdogo wa kifundo jioni, unaopungua ukilala umeinua mguu, nao hutokea kwa miezi mingi baada ya kuvunjika.

Maumivu makali ya ncha mahali palepale palipovunjika, hasa unapoweka uzito, si kawaida. Usaha, joto, wekundu au homa si kawaida hata kidogo, hata kama operesheni ilikuwa mwaka jana. Na shavu la mguu likivimba upande mmoja, likawa gumu na lenye joto, ukaanza kubanwa kifua au kuhema, kimbilia hospitali: damu inaweza kuwa imeganda mguuni na kipande kimepanda kwenye mapafu.

Nikande kwa muunga mifupa wa kijijini?

Watu wengi huenda, na wengine wanasema walipona. Hatari iko kwenye kufunga kwa nguvu mpaka damu isipite, na kukanda mfupa mbichi. Kiwiko kilichoumia kikikandwa kwa nguvu, mfupa unaweza kuota ndani ya msuli na mkono usinyooke tena. Mazoezi ya viungo yanapatikana kwenye hospitali za rufaa za mikoa na kanda. Mtaalamu akikuonyesha mara moja, mengi unayafanya mwenyewe nyumbani.

Chakula na sigara?

Kula mayai, maharage, maziwa, na dagaa unaowatafuna na mifupa yao. Supu ya kongoro ni chakula kizuri, ila haifupishi wiki za kuunga. Sigara inachelewesha mfupa kuunga, hilo halina ubishi. Ikiwezekana iache angalau mpaka daktari afunge faili.

Tajiri mwenye pikipiki anataka hesabu yake, na mimi siwezi kukaa miezi minne. Nifanyeje?

Ndilo swali gumu kuliko yote, na wanaorudi mapema mno wengi wanasukumwa na hilo, si na ukaidi. Mpe pikipiki deiwaka, yaani dereva wa kukushikia kwa muda, unayemwamini mapema, kabla ya deni kukua, mkubaliane mbele ya tajiri nani analipa hesabu na nani analipa matengenezo. Tajiri anayeona pikipiki inaingiza hela kila jioni ni mwepesi wa kukusubiri. Mwonyeshe eksirei na cheti cha kliniki. Dereva aliyevunjika mara ya pili ni hasara kwake pia. Kama kijiwe chenu kina mfuko wa kusaidiana, utumie sasa, na kama hakina, ulizeni kwenye kikao kijacho.

Bima ndogo haitakusaidia: inamlipa mtu mwingine uliyemuumiza, wewe dereva haumo.

Aliyeajiriwa rasmi na kuumia akiwa kazini, kama afisa ugani kwenye pikipiki ya serikali, ana haki tofauti. Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaogharamia matibabu na utengemao. Kenya kuna sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007. Toa taarifa kwa mwajiri kwa maandishi mapema, na usikubali kurudishwa vijijini na pikipiki kabla ya cheti cha daktari. Omba kazi ya ofisini kwa muda huo.

Mwili umepona lakini naogopa nikifika mahali pale.

Woga wa namna hiyo huwapata waliowahi kuendesha miaka ishirini. Tembea hapo kwa miguu kwanza, mchana, uangalie ni kitu gani kilikuangusha. Kisha pita polepole na mwenzako nyuma yako. Kama usiku unaota ajali, moyo unakwenda mbio ukisikia injini, na hali hiyo imezidi mwezi, mwambie mhudumu wa afya. Inatibika.

Nikianguka tena juu ya kiungo kilekile?

Simama hapohapo, usipige kiki, usijaribu kumalizia safari. Funga kiungo kwa kijiti na kitenge kisicheze, tafuta gari. Piga eksirei siku hiyo hata kama unaweza kutembea, kwa sababu chuma kilichomo kinaweza kukufanya utembee juu ya mfupa uliovunjika. Beba eksirei za zamani na karatasi ya upasuaji: daktari atazilinganisha na picha mpya, na akijua aina ya chuma kilichowekwa ataandaa vifaa sahihi vya kukitoa kabla hujaingia chumba cha upasuaji.